Kutumia akili mnemba kuandaa mafunzo ya kazini: hatua kwa hatua, kwa mfano wa jikoni

Maswali yanayonifikia kutoka kwa maafisa rasilimali watu, wasimamizi wa zamu na wakufunzi wapya ni yaleyale. Nitumie programu ipi? Kiswahili inakijua? Nianze kwa kuandika nini? Na kwa nini nilichopewa kinapendeza kukisoma lakini kazini hakuna kilichobadilika? Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika mwongozo huu.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Hoteli moja iliniita niwafundishe wasaidizi wa jikoni usalama wa chakula. Nikaiagiza akili mnemba initengenezee slaidi, ikanipa 38 kwa dakika chache, zimepangika vizuri. Siku ya mafunzo watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye nilipita jikoni saa tano na nusu usiku, nikakuta sufuria kubwa la wali wa jioni limefunikwa na kusukumwa chini ya meza. Niligusa ubavu wake kwa kiganja: bado la moto. Lilikuwa lilale pale hadi zamu ya asubuhi, kisha wali upashwe na kupelekwa kwenye chakula cha wafanyakazi. Kijana aliyeliweka alikaa mstari wa mbele siku ya mafunzo. Nilirudi kwenye zile slaidi 38 nikatafuta neno "wali". Halikuwemo.

Tangu siku ile huwa natafuta kwanza kinachoharibika kazini, ndipo nafungua programu. Nitatumia mfano huo wa wali mwanzo hadi mwisho. Kama uko bohari, dirisha la wateja, wodini au karakana, weka kosa la kwenu mahali pake. Hatua ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

– Programu moja. ChatGPT, Gemini, Claude au Copilot, yoyote unayoifikia. Zote zinaelewa Kiswahili, na toleo la bure linatosha kwa mafunzo yako ya kwanza. Usipoteze wiki nzima ukilinganisha.

– Utaratibu wa kazi ulioandikwa, ule unaotumika kwenu. Kama ni karatasi iliyobandikwa ukutani, ipige picha.

– Kosa moja linalojirudia, ulilolishuhudia mwenyewe au kuelezwa na msimamizi wa zamu.

– Mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo vizuri na yuko tayari kukupa nusu saa.

– Ruhusa ya mkubwa wako kutumia nyaraka za ofisi kwenye programu hizi. Ipate kwa maandishi.

– Siku tatu za kuandaa. Akili mnemba inaandika kwa dakika, lakini kuhakiki na kujaribu kunahitaji muda wa mtu.

Onyo kuhusu taarifa za watu. Usibandike majina ya wafanyakazi, namba za simu, mishahara, barua za onyo wala taarifa za afya. Jikoni hili ni rahisi kuteleza, kwa sababu wanaoshika chakula hupimwa afya, na majibu ya vipimo mara nyingi yako kwenye faili moja na orodha ya mafunzo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na Uganda vilevile. Andika "msaidizi A", "msaidizi B". Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu utafute sehemu ya kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuifundisha.

Hatua ya 1: Andika kosa kwa sentensi moja inayoonekana kwa macho

"Wafanyakazi hawazingatii usafi" haifai, maana huwezi kusimama jikoni ukaiona. Sentensi yangu ilikuwa hii: "Wali unaobaki usiku unaachwa ndani ya sufuria lake, umefunikwa, nje ya friji, hadi asubuhi."

Chini yake andika unachotaka kukiona badala yake: "Ndani ya saa mbili baada ya huduma ya chakula kufungwa, wali umetandazwa kwenye trei pana na umo ndani ya friji, trei ina tarehe na saa." Hapo tayari una kipimo cha mwisho wa kazi. Usivuke hatua hii bila sentensi hizo mbili.

Hatua ya 2: Kamsikilize anayeijua kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye mali. Keti na mpishi wa siku nyingi, muombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, umuulize maswali matatu: Unaifanyaje, hatua kwa hatua? Wageni wa kazi wanakosea wapi? Na kwa nini wanakosea?

Mama niliyeketi naye mimi alinieleza jambo ambalo halimo kwenye utaratibu wowote ulioandikwa. Wale vijana walijua vizuri kwamba wali unatakiwa friji. Shida ni kwamba usiku friji limejaa makreti ya soda za baa, na kijana wa miezi miwili kazini hana ubavu wa kutoa kreti la baa. Akaongeza kwamba trei pana hufungiwa stoo, na funguo huondoka na chifu saa tatu. Yeye akitandaza wali hupitisha kiganja chini ya trei. Ukisikia vuguvugu tu, si moto, ndipo unaingia friji. Aliyasema yote hayo kwa dakika nane.

Zingatia: makreti na funguo si mambo ya mafunzo. Nilimpelekea meneja, funguo zikaanza kuachwa kwa msimamizi wa zamu, na rafu moja ya friji ikatengwa. Kama chanzo cha kosa ni kukosa kifaa, nafasi au ruhusa, akili mnemba haitakusaidia kwa kukuandikia somo. Shughulikia chanzo kwanza.

Rekodi yako unaweza kuipa programu iigeuze maandishi, lakini kwa Kiswahili chenye kelele za jikoni nyuma yake makosa huwa mengi. Mimi hukaa mahali patulivu nikayasema upya kwa sauti yangu, bila majina, nikiwa na rekodi sikioni. Ni kazi ya robo saa.

Hatua ya 3: Toa maagizo yaliyoshiba

Ukiandika "nitengenezee mafunzo ya usalama wa chakula", utapewa yale yanayofaa jiko lolote duniani isipokuwa lako. Maagizo yaliyoshiba yana mambo sita: nani anafundishwa, kosa gani, matokeo gani, muda gani, nyenzo gani, na mipaka gani. Haya ndiyo niliyotumia, yachukue uyabadilishe:

"Naandaa mafunzo ya dakika 40 kwa wasaidizi wa jikoni 12 wa hoteli nchini Tanzania. Wengi wamemaliza kidato cha nne na wana chini ya miezi sita kazini. Tunafundishia Kiswahili, tukiwa tumesimama jikoni, bila projekta. Kosa: [sentensi ya kwanza]. Ninachotaka kukiona: [sentensi ya pili]. Hapa chini nimebandika utaratibu wetu na maelezo ya mpishi mzoefu. Tumia hayo peke yake. Usiongeze vipimo vya joto wala muda usiokuwemo. Ukiona pengo, liorodheshe mwishoni. Kabla ya kuandika chochote, niulize maswali matano unayohitaji kujibiwa."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ikikuuliza, inakukumbusha mambo uliyoyazoea hadi huyaoni. Mimi niliulizwa: "Zamu ya usiku ina watu wangapi?" Walikuwa wawili. Utaratibu wetu wa kupoza ulikuwa umepangwa kwa watu wanne.

Hatua ya 4: Ipe orodha ya maneno ya kwenu

Kiswahili chake kimenyooka lakini si kila mara ni cha jikoni kwenu. Mara ya kwanza iliniandikia "poza mchele ndani ya saa mbili". Mchele! Msaidizi atakayesoma hivyo ataenda kutazama magunia ya stoo. Ninavyoona, inafikiri kwa lugha yenye neno moja kwa mpunga, mchele na wali, kisha inachagua lisilo lenyewe.

Andika maneno yenu kumi hadi ishirini, uyabandike mwanzoni mwa kila mazungumzo: wali (uliopikwa), mchele (mbichi), friji, friza, trei, stoo, chifu, zamu, kipimajoto. Ongeza agizo hili: "Sentensi fupi. Andika kama msimamizi anavyomweleza mwenzake, si kama tangazo la serikali."

Hatua ya 5: Hakiki kila namba na kila sheria

Akili mnemba hukosea kwa sauti ileile inayotumia ikiwa sahihi. Ndiyo maana usomaji wa haraka haukamati kosa. Chapisha rasimu, chukua kalamu nyekundu, zungushia kila namba, kila jina la sheria, kila neno "lazima". Kila ulichozungushia kitafutie kwenye waraka halisi ulio mkononi.

Mifano miwili ya mahali inapoteleza kwetu.

Wa kwanza ni joto. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto kikae juu ya 60, na kinachopashwa kifike angalau 70 hadi katikati. Nyenzo za Marekani zinahesabu kwa Farenhaiti, na mipaka yake haifanani kabisa na hiyo: chakula cha moto hushikiliwa nyuzi 135, ambazo ni 57 za Selsiasi, na kinachopashwa hufikishwa 165, yaani 74. Programu inachanganya vyote hivyo kwenye ukurasa mmoja. Msaidizi anayeona 57 hapa, 60 pale, ataacha kuziamini zote mbili. Chagua utaratibu mmoja, ule ambao hoteli yenu inakaguliwa kwa huo, ufute mwingine wote.

Wa pili ni sheria za kazi, hasa kwenye mafunzo ya kumkaribisha mfanyakazi mpya. Ukiuliza kwa Kiswahili bila kutaja nchi, unaweza kujibiwa kwa sheria ya jirani. Nimeshaona rasimu ya kampuni ya Dar es Salaam ikisema likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Hiyo ni ya Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, likizo si chini ya siku 28 mfululizo. Zanzibar nako wana sheria yao ya ajira, kwa hiyo kuandika "Tanzania" tu hakutoshi kama uko Nungwi au Paje. Mfanyakazi akipewa namba ya uongo siku yake ya kwanza, atakuja kuidai au kudhulumiwa kwayo.

Kosa la kawaida hapa ni kuiuliza programu ileile: "Una uhakika?" Inaweza kuomba radhi na kubadilisha hata iliyokuwa sahihi. Uhakiki unafanywa kwenye waraka.

Hatua ya 6: Tengeneza maswali yanayomlazimu mtu kuamua

Ukiiachia, itakuandikia maswali ya namna hii: "Kwa nini usalama wa chakula ni muhimu?" Jibu sahihi litakuwa refu kuliko mengine yote, na yale ya uongo hata mtoto hayachagui. Kila mtu atapata kumi kwa kumi.

Iagize hivi: "Andika maswali matano. Kila swali liwe tukio la zamu ya usiku. Majibu ya uongo yawe makosa yanayofanyika kweli, niliyokupa. Majibu yote yalingane urefu." Nilipata hili, na nilirekebisha neno moja tu:

"Saa nne usiku. Umebaki na nusu sufuria la wali, unafuka mvuke. Chifu ameondoka. Rafu yenu ya friji ina kreti moja la soda. Unaanza na lipi?
a) Unafunika sufuria na kuliacha mezani lipoe kwanza.
b) Unaingiza sufuria lote friji hivyohivyo lilivyo.
c) Unatandaza wali kwenye trei na kutoa kreti lile.
d) Unarudisha sufuria jikoni kwenye moto mdogo."

Darasa liligawanyika kati ya (a) na (b), wakabishana dakika kumi. Aliyechagua (b) aliamini kabisa friji linapoza kila kitu. Hapo ndipo niliingiza nadharia pekee ya siku ile: baadhi ya vijidudu vya kwenye wali huacha mbegu zisizokufa kwa kupikwa, ambazo huota na kuzaana kwenye uvuguvugu, na katikati ya sufuria lenye kina hubaki vuguvugu kwa saa nyingi hata ndani ya friji. Nikachomeka kipimajoto katikati ya sufuria lililokuwa limekaa friji kwa muda wa saa tatu. Waliisoma namba wenyewe. Jibu ni (c).

Hatua ya 7: Itumie kama mgeni au mteja wa mazoezi

Kwa maoni yangu hapa ndipo akili mnemba inapolipa zaidi kuliko kwenye slaidi, maana mazoezi ya kuongea ndiyo tuliyokuwa tunayakosa. Mkufunzi mmoja hawezi kuigiza mgeni mbele ya wahudumu 15, mmoja baada ya mwingine, kwa Kiingereza, bila kuchoka.

Fungua sehemu ya sauti, uipe maagizo haya: "Igiza mgeni wa hoteli anayeongea Kiingereza chepesi. Una mzio wa karanga. Uliza kama mchuzi una karanga. Mhudumu akikisia, mbane kwa upole aeleze amejuaje. Sema jambo moja moja. Usimfundishe hadi aseme 'tumemaliza'. Kisha mweleze kwa Kiswahili: kitu kimoja alichofanya vizuri na kimoja cha kurekebisha."

Weka watu watatu kwa simu moja. Mmoja anaongea, wa pili ana orodha ya mambo ya kuangalia, wa tatu anasubiri zamu yake. Jibu unalolitafuta si Kiingereza kizuri. Ni mhudumu aseme "sina uhakika, naenda kumuuliza mpishi", na kweli aende. Binti mmoja alilisema hilo kwa maneno manne ya Kiingereza yaliyovunjika, nikampa alama zote.

Hatua ya 8: Jaribu na wawili kabla ya wote

Chagua mmoja mpya na mmoja mkongwe. Wapitishe somo zima ukiwa kimya. Pale mpya anapokwama, maelezo ni hafifu. Pale mkongwe anapokunja uso, pengine kuna kosa.

Hatua ya 9: Panga maswali ya kufuatilia

Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza huanza kupotea haraka tusipokirudia. Somo la siku moja halishiki. Iagize programu iandike maswali matatu mafupi mapya: moja la siku ya pili, moja la wiki ya kwanza, moja la wiki ya tatu. Msimamizi wa zamu ayatume kwenye kundi la WhatsApp la jikoni kabla ya zamu, na watu wajibu kwa ujumbe wa sauti. Jibu sahihi lifuate siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Pima kwa macho

Fomu ya "umeyapendaje mafunzo?" inakuambia watu walifurahi, basi. Rudi kwenye sentensi ya hatua ya kwanza. Kabla ya mafunzo, hesabu kwa usiku kumi: mara ngapi wali ulikutwa kwenye sufuria? Baada ya mafunzo, hesabu tena usiku kumi. Usimwachie akili mnemba kazi ya kuhesabu wala kukisia matokeo. Msimamizi aweke alama kwenye karatasi iliyoning'inizwa mlangoni mwa friji. Ukishapata namba, unaweza kuipa ikusaidie kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa meneja.

Mambo yakikwama

Majibu ni ya jumla mno. Karibu kila mara hujaipa waraka wenu au hujataja kosa. Rudi hatua ya 3. Kuandika "fanya vizuri zaidi" hakusaidii. Iambie ni sentensi ipi haifai na kwa nini.

Ilianza vizuri, sasa inasahau maagizo. Mazungumzo yamekuwa marefu. Fungua mapya, bandika maagizo, maneno ya kwenu na rasimu ya mwisho, uendelee.

Haisomi picha ya utaratibu. Mwandiko wa mkono na karatasi yenye mafuta humpa shida hata mtu. Uchape upya, uhakiki namba.

Mtandao unakatika au bando limeisha katikati ya somo. Usifundishe kwa kutegemea intaneti. Maswali na orodha viwe vimechapishwa tangu jana. Mazoezi ya sauti yakishindikana, msimamizi mwenye karatasi ya maagizo ya hatua ya 7 aigize mgeni.

Washiriki wanajibu jaribio kwa kuiuliza akili mnemba. Swali lenyewe linajibika ukiwa umeketi. Badilisha jaribio: mpe mtu sufuria la wali, trei na kalamu ya tarehe, umtazame.

Wakongwe wanagoma, wanasema mashine inakuja kuwafundisha kazi yao. Wana haki ya kuuliza. Waonyeshe maelezo yao wenyewe ndani ya somo, na kama wameridhia, waambie vijana maarifa yametoka kwa nani. Yule mama wa trei ndiye aliyeendesha dakika kumi za vitendo siku ya mafunzo ya pili, kiganja chini ya trei, vijana wanne wakimwiga nyuma yake.

Mkubwa anataka masomo ishirini mwezi huu kwa sababu "sasa ni rahisi". Mpelekee karatasi ya mlango wa friji, ya kabla na ya baada, ya somo moja. Muombe muda wa kutosha kwa kila kosa.

Umefanya yote na wali bado uko kwenye sufuria. Nenda usiku, si mchana. Simama jikoni kuanzia saa tatu hadi saa sita, usiseme kitu. Uone funguo ziko wapi, friji lina nini, nani anamwambia nani afanye nini, halafu uandike upya sentensi ya hatua ya 1.